Mkaguzi wa Chupa na Usingizi wa Mchana

Kiwandani walimwita Macho, na jina hilo hakupewa kwa mzaha. Chupa zilipita juu ya mkanda mbele ya ubao mweupe wenye taa, moja baada ya nyingine bila kukoma, na yeye alikaa pale ametulia kama mtu anayetazama mvua. Mara mkono wake unatoka, unachomoa chupa moja katikati ya mamia. Ukiishika wewe utaizungusha mpaka uchoke usione kasoro, hadi yeye akuoneshe kwa ncha ya ukucha: ufa mwembamba kuliko unywele, pale shingoni.

Kwa miaka tisa kazi hiyo aliifanya mchana tu. Alitoka nyumbani asubuhi na watu wote, akarudi jioni na watu wote, akala, akalala. Hakuwahi kuufikiria usingizi, kama vile mtu asivyofikiria kwamba anapumua.

Kiwanda chenyewe hakikulala. Tanuri la kuyeyushia kioo halizimwi, maana kioo kikigandia ndani, tanuri lote limekufa. Kwa hiyo moto uliwaka usiku na mchana, mwaka hadi mwaka, lakini usiku kazi ilikuwa ya watu wachache. Kisha ikaletwa mashine ya pili, maagizo yakaongezeka, na tangazo likabandikwa mlangoni: kuanzia mwezi ujao wakaguzi wote wataingia zamu tatu kwa kuzunguka. Wiki moja utaingia saa nne usiku na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Wiki inayofuata utaingia saa nane mchana. Ya tatu utaingia alfajiri. Halafu unarudi usiku tena.

Macho alilisoma tangazo mara moja tu, akaenda kazini kwake. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mwili wake mzima, na alijiambia kwamba kulala ni kulala tu, uwe umelala na jua au na mwezi.

Nyumbani walikuwa wanne katika vyumba viwili na jiko, ghorofa ya kwanza, dirisha likitazama barabarani. Mumewe alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa sebuleni, ukuta mmoja na kitanda. Mama mkwe alikuwa amehamia kwao tangu magoti yalipomkataa kupanda vilima vya kwake. Binti yao wa pekee alikuwa na miaka tisa. Chini yao, kwenye chumba cha dukani, alikaa fundi redio, mtu mwema asiye na neno na mtu, isipokuwa kwamba kila redio aliyoitengeneza lazima aijaribu, na aliijaribu kwa sauti ya mwisho ili mwenye mali akubali kwamba imepona.

Asubuhi ya kwanza baada ya zamu ya usiku, Macho alifika nyumbani saa moja kasoro. Kwa kuwa alikuwa nyumbani na ni mchana, alifanya kama mtu aliye nyumbani mchana: akamwandaa mtoto, akaosha vyombo, akaanika nguo. Alipanda kitandani saa tatu. Jua lilikuwa limeshaingia kwa pazia na kujilaza juu ya shuka kabla yake. Cherehani ilikuwa inatwanga. Mteja akabisha hodi, akataka kujua suruali yake imefikia wapi. Chini, redio moja ikapona kwa kishindo. Alipoanza kuzama kidogo, mkono ukamtikisa bega. Alikuwa mama mkwe, na sahani ya chakula.

"Amka ule, mwanangu. Saa sita hii, utaugua."

Alikula kwa adabu, akashukuru, akarudi kulala, na usingizi ukawa umeshaondoka zake.

Wiki hiyo alilala saa tatu kwa siku, siku nyingine mbili na nusu. Wiki ya mchana alipojaribu kuufidia usingizi, mwili ulikuwa umeshachanganyikiwa. Ulimwamsha saa nane usiku akiwa macho makavu, akahesabu mbao za dari. Ilipofika wiki ya alfajiri, alitakiwa kulala saa mbili usiku ilhali mwili wake ulidhani siku ndiyo kwanza inaanza. Mwezi ukapita, ukapita wa pili. Alijikaza kisabuni. Aliweka funguo ndani ya kopo la sukari, akazitafuta siku mbili. Alitia chumvi kwenye chai ya mumewe, na mumewe akainywa yote bila kusema, akihofia ugomvi. Alimfokea binti yake kwa kucheka kwa sauti, kisha akaenda jikoni akalia peke yake, kwa sababu mtoto hakuwa amefanya kosa lolote zaidi ya kuwa na furaha.

Na mumewe naye alikuwa na lake moyoni ambalo hakulisema. Kitanda chao kilikuwa kama kiti cha kungojea daktari: mmoja akiinuka, mwingine anakaa. Walipishana mlangoni, huyu akitoka, yule akiingia, wakiambiana habari za gesi na ada ya shule.

Mambo yaliharibika katika mwezi wa tatu, usiku wa nne wa wiki ya usiku. Kwa kawaida mkaguzi alikaa mbele ya taa nusu saa, akapokewa na mwenzake, yeye akaenda kupanga maboksi ili macho yapumzike. Usiku huo mwenzake alikuwa anaumwa. Macho akakaa saa nzima, akaendelea hadi saa na nusu. Chupa zilizopita zilikuwa ndogo, za rangi ya kahawia, za dawa ya kifua ya watoto. Kwenye saa tisa usiku alijiona yuko nyumbani kwa marehemu mama yake, anaosha vikombe, na vikombe haviishi. Kengele ya mapumziko ilipolia, alishtuka. Macho yake yalikuwa wazi muda wote. Mikono ilikuwa mapajani. Hakuna aliyegundua kitu. Akanywa chai, akarudi kwenye mkanda, akamaliza zamu.

Alifika nyumbani, akalala, na safari hii usingizi ulianza kuja haraka. Ndipo ndani ya ule usingizi wa mang'amung'amu alipoziona tena chupa za kahawia zikipita mbele ya taa, na ndani ya baadhi yake uzi wa kioo, mwembamba kama wa buibui, umekatiza kutoka ukuta mmoja wa chupa hadi mwingine.

Aliketi kitandani. Uzi ndiyo kasoro ambayo wakaguzi waliiogopa kuliko zote. Ufa huvujisha, na mtu anauona. Uzi hukatika ndani, ukaingia kwenye dawa, na dawa ikaingia kwa mtoto.

Alijaribu kujishawishi kwamba ilikuwa ndoto. Inawezekana kabisa ilikuwa ndoto; mtu aliyekagua chupa miaka tisa huota chupa. Akirudi kiwandani kusema ameota, watamcheka mpaka astaafu. Na kama si ndoto, basi anakwenda kujishitaki mwenyewe kwa kosa ambalo hakuna aliyelijua, na kibarua kinaweza kuota nyasi. Alikaa na mawazo hayo kwa muda ambao hakuweza kuupima. Kisha akavaa viatu.

Mama mkwe aliuliza anakwenda wapi tena na hajalala. Mumewe akausimamisha mguu juu ya kanyagio la cherehani, akamtazama.

"Nimekosea kazini," alisema Macho. "Nadhani nimepitisha chupa mbovu. Nikinyamaza, sitalala tena maisha yangu yote."

Mumewe alikata uzi kwa meno, akaliacha koti la mtu bila mkono mmoja, akashuka naye ngazi. Walitembea wote wawili hadi getini, na kwa kuwa mgeni haruhusiwi kuingia, fundi alikaa nje juu ya jiwe la ukingo wa barabara, akasubiri saa mbili na nusu.

Msimamizi wa ukaguzi alikuwa mwanamke mdogo kuliko Macho, mwenye miwani na sauti ya chini, aliyesifika kwa kutompaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Macho alisimama mbele ya meza yake, akaeleza yote: saa, aina ya chupa, vikombe vya mama yake. Alitaraji kufokewa. Msimamizi aliandika saa ile kwenye karatasi, akainuka, akaenda ghalani kuzuia shehena. Gari lilikuwa lipakie saa sita mchana.

Wakafungua maboksi ya kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi. Watu wanne walizipitisha chupa upya mbele ya taa, Macho akiwa miongoni mwao. Saa nzima hawakuona kitu, na mmoja akaanza kuguna. Kwenye rundo la saba walipata ya kwanza. Kisha nyingine, kisha nyingine. Kila chupa huwa na namba ya kalibu, chombo cha chuma kilichoipa umbo, imechorwa chini ya kitako, na zote zile zilikuwa na namba moja: kalibu moja ilikuwa imeharibika usiku ule na kutoa uzi mpaka mafundi walipoibadilisha kwa sababu nyingine kabisa. Zilipatikana chupa thelathini na nane. Zikavunjwa zote, vigae vikarudishwa tanurini.

Baada ya hapo msimamizi alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Jana ulilala saa ngapi, dada?"

"Saa tatu asubuhi."

"Ukaamka saa ngapi?"

"Kabla ya saa sita."

"Na juzi?"

Machozi yakamtoka Macho. Miezi mitatu mizima watu walikuwa wamemwuliza kwa nini amekonda, kwa nini ana hasira, kwa nini chai ina chumvi. Swali hili lilikuwa la kwanza.

Msimamizi alimwacha alie. Kisha akasema, "Barua ya onyo nitakuandikia, kwa sababu kosa ni kosa. Lakini na mimi nina langu. Nilikuacha mkandani saa na nusu bila mtu wa kukupokea. Hilo nalo nitaliandika, jina langu chini yake." Akamwambia asirudi kazini siku mbili, na kabla ya kwenda nyumbani apite kwa muuguzi.

Zahanati ya kiwanda ilikuwa chumba kimoja chenye mizani, kitanda na friji ndogo. Muuguzi alikuwa mama mnene mwenye mvi na kicheko cha karibu, ambaye kabla ya kuja pale alikuwa amefanya kazi za usiku wodini miaka kumi na saba. Macho alikuwa ameshaambiwa na mwenzake mmoja kuhusu vidonge vya usingizi, akaviomba. Muuguzi alikataa.

"Huna ugonjwa, mdogo wangu," alimwambia. "Una nyumba ambayo haijui kwamba mchana wako ni usiku. Kaiambie."

Mengine alimweleza taratibu, akihesabu kwa vidole vyake vinene. Akitoka kazini avae miwani ya jua, maana mwanga wa asubuhi ndio unaouambia mwili kumekucha. Akifika asishike chombo wala ufagio. Ale kitu chepesi, aoge, apande kitandani moja kwa moja. Chumba kiwe giza kabisa, kiwe na ubaridi. Chai nzito aiache kuanzia saa saba usiku. Kabla ya kwenda zamu ajilaze kidogo, hata dakika ishirini. Na siku ya kutoka zamu ya mwisho asilale mchana kutwa; alale saa chache, ajilazimishe kuamka, ili usiku umpokee. Alimwonya pia kwamba haitakuwa kama zamani, na kwamba atakayemwambia mwili huzoea kabisa, huyo hajawahi kuingia usiku.

Macho alitoka getini akamkuta mumewe bado juu ya jiwe. Walirudi polepole, na njiani akamweleza yote. Walipokaribia nyumbani, mumewe akasema kwamba chai yenye chumvi aliinywa mara mbili, si mara moja. Walicheka wote mpaka wakasimama njiani.

Jioni hiyo waliketi wote wanne mezani. Mume hakuwa na neno. Alikuwa ameshaanza kulipima dirisha kwa futi yake ya kitambaa. Kazi ilikuwa kwa mama mkwe. Bibi huyo alikuwa na msimamo wake kuhusu watu wanaolala mchana, nao ulikuwa kwamba ama ni wagonjwa ama ni wavivu, na kwa kuwa mkwe wake hakuwa mvivu, basi alikuwa mgonjwa na lazima alishwe. Alisema hivyo kwa upendo mtupu. Macho akachagua maneno.

"Mama, wewe ukiniamsha saa sita mchana unipe chakula, ni sawa na mimi nikuamshe saa sita ya usiku, nikuketishe, nikwambie kula wali."

Bibi alimkazia macho. Kisha akatikisika mabega, akacheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa khanga. "Ningekutupia sahani," alisema.

Kuanzia hapo mambo yalibadilika, ingawa si kwa siku moja. Mumewe alikusanya mabaki ya bitana za makoti, nyeusi na za buluu, akayashona tabaka tatu kuwa pazia zito kiasi kwamba fimbo ya kwanza ya pazia ilivunjika. Alipolitundika kwa fimbo ya chuma, binti aliingia chumbani kutazama giza la mchana, akakanyaga beseni, akaanguka. Wiki za usiku fundi aliihamishia cherehani chini kwa fundi redio, kwenye kona iliyokuwa na makasha matupu. Fundi redio naye, alipoelezwa, alisikitika sana kwamba hakuambiwa mapema. Tangu siku hiyo, kila wiki ya usiku ya Macho, majaribio ya sauti yalifanywa baada ya saa tisa alasiri, na kabla ya hapo alitumia vipokea sauti vya masikioni. Akadai amegundua kwamba kumbe alikuwa na maumivu ya kichwa ya miaka, na sasa yameisha.

Binti alichukua ubao wa boksi na kalamu nene, akaandika kwa herufi kubwa: MAMA ANALALA. KWETU NI USIKU. Akautundika mlangoni. Watu wa nyumba nzima waliusoma, wengine wakatabasamu, wengine wakashuka ngazi kwa ncha za vidole hata kama hawakuwa na sababu ya kukanyaga kwa kishindo.

Lakini mlinzi mkuu alikuwa mama mkwe. Aliweka kiti chake koridoni, mbele ya mlango, akakaa na kazi yake ya kuchambua mboga, na hakuna kiumbe kilichopita. Alimrudisha msoma mita. Aliwarudisha wateja wa suruali. Dada yake wa tumbo moja alikuja kumtembelea kutoka mbali, akaambiwa ashuke akangoje kwa fundi redio hadi saa nane. Tatizo lilikuwa moja tu: bibi alipomnong'oneza mtu aondoke, alinong'ona kwa ukali kiasi kwamba mnong'ono wenyewe ulipenya mlango mzima. Macho aliusikia kitandani, akatabasamu gizani, akageukia upande wa pili.

Si kila kitu kilinyooka. Zipo siku alilala saa nne tu pamoja na giza lote lile. Ipo siku aliamka amenuna, akagombana na mumewe kwa sababu ya kifungo, na mumewe hatimaye akalitoa la moyoni: kwamba amekuwa mgeni wa mke wake mwenyewe. Neno hilo lilimchoma Macho, na asingeweza kulikana. Wakapatana kwamba saa kumi jioni, katika wiki za usiku, ni saa yao. Cherehani inasimama, simu inawekwa kabatini, na wanakaa wawili dirishani na chai nyepesi, hata kama hawana la kusema. Wiki za mchana, ambapo mtoto alirudi shule mama ameshaondoka na mama alirudi mtoto amelala, waliweka daftari mezani. Binti aliandika kwamba amepata saba kati ya kumi kwenye hesabu na kwamba jino linatikisika. Macho alijibu saa nne na nusu usiku, kwa mwandiko wake wa kukimbia, kwamba saba ni nzuri, na jino lisivutwe kwa uzi wa baba.

Siku aliyoikumbuka kuliko zote ilikuwa Jumapili moja, mwezi wa pili tangu pazia litundikwe. Alilala saa moja na nusu asubuhi. Alipofumbua macho hakujua ni alfajiri au jioni, wala yuko zamu gani. Alipapasa saa: saa tisa kasoro robo. Alikuwa amelala saa saba na dakika kumi na tano bila kugeuka, usingizi wa pono, kama aliyekuwa akilala utotoni. Alitoka chumbani pekupeku. Jikoni aliwakuta wote watatu wanakula chakula cha mchana kwa kuongea kwa ishara. Bibi alikuwa anaomba chumvi kwa kutikisa vidole hewani, na binti alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili ili kicheko kisitoke. Hawakumwona. Alisimama mlangoni akiwatazama.

"Ongeeni," aliwaambia. "Nimeamka. Asanteni."

Bibi akasema kwa sauti yake ya kawaida, ambayo baada ya ukimya ule ilisikika kama mbiu, "Haya, nipeni hiyo chumvi sasa."

Alipopata usingizi wa kutosha, Macho alirudiwa na akili, na akili ilimwonesha jambo jingine. Alimwuliza muuguzi kwa nini wiki ya alfajiri inamshinda kuliko hata ya usiku. Muuguzi alimwambia kwamba mwili huvumilia kuchelewa kulala kuliko kuwahishwa, na mzunguko wao ulikuwa unakwenda kinyume: kutoka usiku kwenda mchana, kutoka mchana kwenda alfajiri, kila wiki unatakiwa ulale mapema kuliko wiki iliyopita. Katika mkutano wa wafanyakazi, Macho, ambaye kwa miaka tisa alikuwa hajawahi kuinua mkono mkutanoni, aliinua mkono.

"Hatuombi kuondolewa usiku," alisema. "Tanuri halizimwi, tunajua. Tunaomba mzunguko ugeuzwe: alfajiri, halafu mchana, halafu usiku, kisha mtu apate siku mbili za kupumzika. Na mkandani asikae mtu zaidi ya nusu saa, mwenzake awe mzima au mgonjwa. Mimi nilikaa, na mnajua kilichotokea."

Wengi hawakujua kilichotokea, maana msimamizi alikuwa amekitunza kama siri. Akawasimulia mwenyewe, chupa thelathini na nane, bila kupunguza moja. Wakubwa walisema watalitafakari, na walilitafakari miezi mitano. Halafu wakakubali kundi moja lijaribu kwa miezi mitatu. Msimamizi mwenye miwani ndiye aliyeweka kumbukumbu, na chupa mbovu zilizopita bila kuonekana zilipungua waziwazi. Mzunguko ukageuzwa kwa wote. Chumba kidogo cha ghala kikawekwa viti vinne vya kulalia kwa dakika ishirini za mapumziko. Wiki ya kwanza wanaume walikibeza, wakakiita chumba cha wajawazito. Wiki ya tatu ilibidi ibandikwe orodha ya kupokezana, na majina ya mwanzo yalikuwa ya wale wale.

Imepita miaka sita. Macho bado anaingia usiku wiki moja katika tatu, na bado hapendi usiku wa tatu, ambao anasema ni mrefu kuliko mingine kwa sababu asizozijua. Barua ya onyo iliisha muda wake baada ya mwaka. Mume anashonea kule chini moja kwa moja sasa, kwa kuwa fundi redio alisema bila cherehani kona ile inamtia upweke. Binti amekuwa mrefu kuliko mama yake na analala mpaka saa nne asubuhi siku za likizo bila zamu yoyote, jambo ambalo bibi bado analihesabu kuwa ama ugonjwa ama uvivu.

Mwaka jana muuguzi alistaafu. Walimfanyia hafla fupi katika chumba cha kulia, juisi na keki, saa saba mchana ili watu wa zamu mbili wakutane. Macho aliomba kusema machache. Alimshukuru muuguzi. Akamshukuru msimamizi, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, kwa kumwuliza alilala saa ngapi. Akamshukuru mume wake kwa kukaa juu ya jiwe saa mbili na nusu, na fundi redio, na binti yake, na mama mkwe aliyeharibu undugu na dada yake kwa wiki tatu nzima kwa ajili ya usingizi wa mkwe. Watu walicheka.

"Mimi nilidhani kulala ni kazi ninayoifanya peke yangu," alisema. "Kumbe nililazwa na watu. Na waliolala vizuri kwa sababu yao ni watoto wengi, sijui wako wapi, waliokunywa dawa safi."

Alitaka kuongeza neno, lakini kengele ya saa nane kasoro robo ililia. Wiki hiyo alikuwa zamu ya mchana. Alimkumbatia muuguzi, akachukua kipande chake cha keki kwenye karatasi, akaenda kufunga nywele na kuosha miwani yake ya kazi.